Mlezi wa vijana kanisani anapochoka moyo na roho

Mama, huenda wewe ndiye mlezi wa vijana usharikani kwenu. Jumamosi uko kwenye mazoezi ya kwaya, Jumapili jioni ibada ya vijana, na katikati ya wiki binti anakupigia simu saa tano usiku akilia kwamba amefukuzwa kwao kwa sababu ya mimba. Nyumbani una watoto wako, na kazi hii hulipwi. Mwanzoni unaifanya kwa furaha. Kisha siku moja simu inaita, unaona jina la kijana, unaigeuza kifudifudi na kuendelea kupika.

Hali hiyo inajulikana. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliiandikia baada ya kuiona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York, yeye mwenyewe akiwemo. Shirika la Afya Duniani linaielezea kuwa matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu, si ugonjwa. Unaishiwa nguvu, unaanza kuikwepa au kuichukia kazi uliyoipenda, na unaona unachofanya hakisaidii kitu.

Kwa mtumishi wa kanisa kuna jambo jingine: unawaombea wengine, lakini ukibaki peke yako maneno hayatoki. Wengi huona aibu. Wanadhani imani imepungua, basi wanaongeza mfungo na mikesha, na baadaye ndipo nawaona kliniki wakiwa na kichwa kinachouma na moyo unaoenda mbio. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Huwa nawakumbusha habari za Elia katika 1 Wafalme 19: aliomba afe, naye akapewa kwanza usingizi, mkate na maji, tena mara mbili, kabla ya kutumwa popote.

Kama unanyonyesha, usifunge kwa kuacha maji. Kama unatumia dawa za kisukari, presha, kifafa au ARV, usiziache kwa ajili ya maombi, na ongea na mhudumu wa afya kabla ya kufunga.

Kupunguza mzigo

Ongea na mchungaji au mama mchungaji waziwazi: "Naomba mwezi mmoja nipumzike, dada fulani atashika nafasi yangu." Ukisema tu "niombeeni", utaombewa na Jumamosi utapangiwa zamu ileile. Wawepo walezi wawili au watatu, na vijana wajue saa ambazo simu yako haipokelewi.

Mambo ya ubakaji, kipigo au kijana anayetaka kujiua usiyabebe peke yako. Hapa Tanzania kuna ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya bure kwa masuala ya watoto. Kumpeleka kijana huko si kumtupa. Wewe si daktari wala polisi, na hata mimi nesi nampa mwenzangu mgonjwa nisiyemuweza.

Lini uje kituo cha afya

Uchovu usiotulia hata ukipumzika unahitaji vipimo. Upungufu wa damu, malaria, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na hata ujauzito huchosha vivyo hivyo. Kama kwa wiki mbili karibu kila siku una huzuni au hufurahii chochote, hulali, huli au unajilaumu, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika kwa ushauri na, ikibidi, dawa. Mama aliyejifungua karibuni asisubiri hizo wiki mbili ziishe.

Ukifikiria kufa, njoo siku hiyohiyo ukiwa na mtu. Na kama ni binti au kijana wako anayeongoza vijana ndiye anayesema amechoka kuishi, usimjibu kwa mstari wa Biblia kwanza. Kaa naye, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua (swali hilo halimpandikizii wazo), ondoa vidonge na dawa za wadudu nyumbani, kisha mje wote wawili.