Tarehe ya Baruti na Silaha za Moto katika Uchina

Baruti ilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kurefusha maisha. Mnamo karne ya 9, katika zama za nasaba ya Tang, wafuasi wa dini ya Tao waliokuwa wakipika madini walionywa kwa maandishi wasichanganye salfa, yaani kiberiti cha manjano, na shura, ile chumvi inayouchochea moto, kwa kuwa waliothubutu waliungua mikono na nyuso, hata nyumba ikateketea.

Onyo hilo wanajeshi walilifanya elimu. Mwaka 1044 Zeng Gongliang na wenzake waliikamilishia nasaba ya Song kitabu cha vita kiitwacho Wujing Zongyao, chenye kanuni tatu za kuchanganya baruti. Lakini shura yake ilikuwa chache, hivyo baruti hiyo iliunguza zaidi kuliko kulipua, ikafaa kufungwa kwenye mishale au kurushwa kwa mitambo ya kutupia mawe.

Mageuzi makubwa yalionekana mwaka 1132 mjini De'an, uliozingirwa na adui mwenye minara mirefu ya mbao ya kupandia ukutani, ambapo kamanda Chen Gui aliwapa watu wake mianzi mirefu iliyoshindiliwa baruti, wakaielekeza kwa adui na minara yake huku ikitema moto. Silaha hiyo, mkuki wa moto, ndiyo inayostahili kuitwa mama wa bunduki, kwa maana hapo kwanza nguvu ya baruti ilifungiwa ndani ya mwanzi na kupewa mwelekeo mmoja.

Shura ilipozidishwa, mlipuko nao ukakua. Mwaka 1232 walinzi wa Kaifeng, watu wa nasaba ya Jin, waliteremsha ukutani kwa minyororo makombora ya chuma juu ya Wamongolia waliokuwa wakichimba chini ya vifuniko vya ngozi, yakawararua pamoja na ngozi zao.

Mwaka 1259, huko Shouchun, mwanzi ulianza kurusha kidonge pamoja na moto. Kisha mwanzi, usiohimili baruti kali, ukaiachia shaba nafasi yake. Mzinga mdogo wa shaba uliofukuliwa Heilongjiang mwaka 1970, wenye uzito wa kilo 3.5, unahusishwa na mapigano ya 1287 na 1288, na mwingine uliopatikana Shangdu umechongwa tarehe inayolingana na mwaka 1298.