Mashine za Kuchambua Barua

Kuchambua barua ni kuzigawa kulingana na miji na mitaa ziendako. Kwa muda mrefu kazi hii ilifanywa kwa mikono. Karani alisimama mbele ya kabati la mashubaka, akasoma anwani, akaitia barua kwenye shubaka lake. Barua ya safari ndefu ilipita mikononi mwa makarani kadhaa, na kila mmoja ilimbidi aisome upya. Kazi hiyo ilikuwa na pande mbili: kusoma na kusogeza. Kusogeza kuliwezwa na mashine mapema. Kusoma kulichukua miongo mingi zaidi.

Mashine iliyotangulia kupata sifa ni Transorma ya Uholanzi, iliyofungwa Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sehemu ya jina lake inatokana na majina ya wabunifu wake, Marchand na Andriessen. Mwaka 1935 ilifika Brighton, Uingereza, na mwaka 1957 Silver Spring, Marekani. Waendeshaji watano waliketi juu yake, kila mmoja na kibodi yake. Mwendeshaji alisoma anwani, akabonyeza namba ya mji aliyoihifadhi kichwani, na mashine ikaipeleka barua kwenye kisanduku chake. Macho na kumbukumbu vilibaki kuwa vya binadamu.

Kabla ya kuchambuliwa, barua hupangwa. Zinapomwagwa kutoka kwenye masanduku ya barabarani, nyingine hulala kifudifudi, nyingine kichwa chini, na mhuri hauwezi kugongwa kwa haraka mpaka stempu zote zielekee upande mmoja. Mwaka 1957 posta ya Uingereza ilianza majaribio ya mashine ya kupanga barua mjini Southampton. Ili mashine itambue ilipo stempu, stempu zilichapwa mistari ya grafiti kwa nyuma, kisha baadaye zikapakwa dawa inayong'aa. Hapo bahasha yenyewe ilianza kubeba alama zilizowekwa kwa ajili ya mashine.

Hatua iliyofuata iligusa anwani. Uingereza ilijaribu postikodi, yaani msimbo wa eneo unaoandikwa kwenye anwani, mjini Norwich mwaka 1959, na Marekani ikaanzisha zake, namba za ZIP, tarehe 1 Julai 1963. Mwendeshaji hakuhitaji tena kukariri majina ya miji. Alinakili tu kilichoandikwa kwenye bahasha. Katika mashine kubwa za Marekani waendeshaji 12 walifanya kazi pamoja, kila mmoja akiletewa barua moja kwa takriban kila sekunde, na barua ziligawanywa katika visanduku 277. Mwendo huo haukumruhusu mtu kusita.

Mwaka 1965 posta ya Detroit ilianza kutumia mashine iliyosoma yenyewe anwani zilizopigwa chapa. Japani ilipoanzisha postikodi mwaka 1968, bahasha zilichapwa visanduku vyekundu, kila tarakimu na chake, na mashine za Toshiba zikaweza kusoma namba zilizoandikwa kwa mkono. Hata hivyo, mashine ya Detroit haikuacha alama yoyote kwenye bahasha, hivyo kituo kilichofuata kilianza kusoma upya. Dawa yake ilikuja Los Angeles mwaka 1982: mashine ilisoma anwani mara moja, ikachapa msimbopau chini ya bahasha. Kuanzia hapo mashine nyepesi na za bei nafuu ziliweza kuichambua barua hiyo kwa kufuata vimistari hivyo.

Mwandiko wa mkono ulibaki kuwa mgumu kuliko yote. Mwaka 1989 mtafiti Yann LeCun na wenzake wa maabara ya Bell Labs waliifundisha kompyuta kutambua tarakimu za ZIP kutoka kwenye barua zilizopita posta ya Buffalo, kazi iliyosaidia kufungua njia ya mifumo ya leo ya kutambua picha. Barua ambayo mashine imeshindwa kuisoma hupigwa picha, na picha hutumwa kwa mtu anayeandika anwani kwa kibodi. Marekani iliwahi kuwa na vituo 55 vya kazi hiyo. Kadiri mashine zilivyozoea miandiko, vituo vilifungwa kimoja baada ya kingine, hadi kikabaki cha Salt Lake City peke yake.