Somo la Kumi na Mbili: Mwenye Kikohozi Katika Basi

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa, na mwalimu wenu ameshika chaki. Mwalimu, tafadhali andika neno hili ubaoni kwa herufi kubwa: KIKOHOZI. Lisomeni wote pamoja. Sasa mwalimu afute KI ya mwanzo, aweke MA. Mnasoma nini? MAKOHOZI. Maneno haya mawili ni ndugu, lakini kazi zao ni mbalimbali. Kikohozi ni kitu cha kusikia kwa masikio. Makohozi ni kitu cha kuona kwa macho, na mganga wa hospitali akiyaweka chini ya darubini, humwonyesha mambo ambayo sikio haliwezi kuyajua. Yawekeni maneno haya akilini, maana somo letu la leo ni habari ya watu waliohukumiwa kwa sikio.

Zamani kikohozi hakikuwa na ubaya. Mzee akikaribia boma la mwenzake jioni alikohoa kidogo kabla ya kupiga hodi, ili wenyeji wajue kwamba mtu anakuja. Na choo kisicho na mlango, aliye ndani hukohoa ili aliye nje asiingie. Wengi wenu mnafanya hivyo hata leo, wala hamkufundishwa na mtu.

Sasa fikiri ni mwezi wa Aprili, mwaka 2020. Umepanda basi dogo hapo Kibaigwa, unakwenda Dodoma mjini. Mwezi uliopita, tarehe 16 Machi, Waziri wa Afya, Bibi Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana Tanzania, huko Arusha. Kesho yake Serikali ikafunga shule. Madukani zimewekwa ndoo zenye bomba, na sabuni pembeni. Wewe una kikohozi chako cha miaka sita. Ulikipata jikoni kwa moshi wa kuni, na kila kiangazi, tangu mwezi wa Mei mpaka mvua za Desemba, vumbi la Ugogo hukizidisha. Nyumbani wamekizoea hata hawakisikii tena.

Unakohoa mara ya kwanza. Mama uliyekaa naye anavuta kanga puani. Unakohoa mara ya pili. Kijana wa mbele anafungua dirisha. (Tendo hilo, ndugu zangu, lilikuwa la akili kuliko yote yaliyofanyika ndani ya gari lile.) Mara ya tatu konda anageuka: “Mama, vipi wewe? Utatumaliza!” Watu wanacheka, lakini kicheko chenyewe si cha furaha. Basi unabana midomo, unameza mate, unashika koo, mpaka machozi yanakutoka. Na siku nyingine, ukitaka kwenda zahanati, unakumbuka gari lile, unakaa nyumbani.

Mimi siwalaumu sana abiria wale. Korona inaenea kwa hewa, na ndani ya basi watu hupumua hewa moja. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini sikio lao halikuweza kupambanua. Kikohozi cha moshi, cha pumu, cha tumbaku, cha mafua, cha kifua kikuu na cha korona, vyote hutoka katika mdomo mmoja. Ziko hata dawa za shinikizo la damu ambazo humfanya mtu akohoe kikavu mchana na usiku, na kumbe hana ugonjwa wa kuambukiza hata kidogo.

Hofu ya namna hii haikuanza mwaka 2020. Nchi ya Dodoma iliwahi kupatwa na mambo mazito zaidi. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani na baadaye Waingereza, waliofika Dodoma mwaka 1916, walichukua nafaka za Wagogo, wakachukua ng'ombe, wakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Njaa ile Wagogo waliipa jina la Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa, katika nchi yenye watu 150,000 hivi. Na katikati ya njaa hiyo, mwishoni mwa mwaka 1918, homa kubwa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima ikaingia Afrika Mashariki kwa meli, ikapanda bara kwa reli na kwa miguu ya askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 tu. Ikaleta bidhaa, ikaleta na homa. Mwaka ule hakukuwa na dawa ya mafua, wala mtu duniani hakujua kijidudu chake kina umbo gani. Mtu aliyekohoa alikuwa mtu wa kuogopwa, na hakuna aliyeweza kusema aliyeogopa alikosea.

Lakini kwa kikohozi kimoja, kile cha kifua kikuu, ujuzi ulikuwa umekwisha kupatikana. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Daktari Robert Koch aliwaeleza waganga wenzake kwamba amekiona kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Tangu siku ile iliwezekana kuchukua makohozi, kuyapaka katika kioo, kuyatia rangi, na kutazama. Kijidudu kimo au hakimo. Mnaona jinsi hukumu ilivyoweza kuhama kutoka katika sikio?

Kujua ni jambo moja, na kuponya ni jambo jingine. Kwa miaka sitini na zaidi baada ya Koch hakukuwa na dawa yenye nguvu. Kwa hiyo mwenye kifua kikuu aliondolewa mbele ya watu. Katika nchi yetu Waingereza walifungua hospitali ya Kibong'oto mwaka 1926, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, karibu na Sanya Juu. Hewa safi, chakula, kupumzika: hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Kutoka Dodoma ni safari ya zaidi ya kilomita 400, kwa Kondoa, Babati na Arusha. Mgonjwa aliyepelekwa mbali hivyo alikaa miezi mingi, na nyumbani shamba lililala. Hospitali yenyewe ilifanya kazi njema, na inaifanya hata leo. Lakini watu walijifunza pia jambo baya: kwamba mwenye kifua ni mtu wa kupelekwa mbali.

Halafu dawa zikaja. Streptomisini mwaka 1944, isoniazidi mwaka 1952. Hapo pakatokea swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote ya somo hili: ikiwa dawa ipo, je, mgonjwa ana haja ya kutengwa? Swali hili lilipimwa huko Madras, nchi ya Uhindi, kuanzia mwaka 1956. Wagonjwa wa mji ule walikuwa maskini, wakiishi wengi katika chumba kimoja. Nusu yao walilazwa hospitali, penye chakula kizuri na kitanda. Nusu walibaki nyumbani kwao na kunywa dawa zile zile. Majibu yalitolewa mwaka 1959. Waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Na jamaa waliolala nao chumba kimoja je? Hawakuugua zaidi kuliko jamaa za wale waliolazwa. Maana yake, watu wa nyumbani walikuwa wameambukizwa kabla, katika siku zile ambazo mgonjwa alikohoa bila kujulikana wala kutibiwa. Alipoanza dawa, hatari ilipungua upesi. Someni sentensi hiyo ya mwisho mara mbili.

Mwaka 1973, wengi wa wazee wenu walikaa kama mnavyokaa ninyi sasa, kuzunguka redio moja, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza na kusoma. Walijifunza habari za malaria, safura, kuhara, kichocho, na kifua kikuu. Kama yupo mzee kati yenu aliyekuwamo, mwalimu ampe nafasi aeleze anachokumbuka.

Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1977, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Magonjwa haya mawili yaliwekwa pamoja kwa sababu vijidudu vyake ni vya ukoo mmoja, na matibabu yake ni ya muda mrefu. Mtu aliyesaidia sana kuupanga mpango huo alikuwa daktari mmoja aliyezaliwa Czechoslovakia, jina lake Karel Styblo. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifungwa katika kambi ya Wajerumani ya Mauthausen, na humo yeye mwenyewe akaugua kifua kikuu. Alikijua kikohozi kwa kifua chake.

Styblo hakuleta mitambo mikubwa. Alitaka kila wilaya iwe na mtu mmoja wa kuangalia kazi, darubini inayofanya kazi, dawa zisizokatika, na daftari. Ndiyo, daftari! Kila mgonjwa aliandikwa jina, siku aliyoanza, makohozi yake yalivyoonekana mwanzoni, na yalivyoonekana mwishoni. Mkuu wa kazi hakuweza kusema “tumewatibu wengi.” Aliulizwa: wangapi wamepona? Hapo awali matibabu yalichukua mwaka mmoja au zaidi, pamoja na sindano nyingi, na wagonjwa wengi walichoka katikati. Kuanzia mwaka 1982 dawa mpya ziliyafupisha kuwa miezi minane. Siku hizi ni miezi sita kwa kifua kikuu cha kawaida. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika, tazameni jinsi daftari lilivyokuwa sehemu ya dawa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni hatari ya dunia nzima, lilichukua mfano wa Tanzania na nchi nyingine chache, likaupeleka kila upande.

Hata hivyo aibu haikuondoka. Ukimwi ulipoingia nchini katika miaka ya 1980, ulidhoofisha kinga ya miili ya watu, na kifua kikuu kikapata nafasi. Watu wakaona mtu amekonda na anakohoa, wakanong'ona. Wengine walipenda kufa na siri kuliko kuonekana katika foleni ya kifua. Kwa hiyo korona ilipofika, ilimkuta mwenye kikohozi tayari ana mzigo mgongoni.

Matokeo yake yalihesabiwa duniani kote. Mwaka 2019, watu milioni 7.1 waligunduliwa kuwa na kifua kikuu, wakaandikwa katika madaftari. Mwaka 2020 waliandikwa milioni 5.8 tu. Ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni watu waliofika kupimwa. Wengine walizuiwa na amri za kutotoka nje katika nchi zao, wengine zahanati zilikuwa na kazi nyingine, na wengine waliogopa tu kukohoa mbele za watu. Na vifo vya kifua kikuu vikaongezeka kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya kumi. Styblo alikadiria kwamba mgonjwa mmoja asiyetibiwa, ambaye vijidudu vinaonekana katika makohozi yake, aweza kuwaambukiza watu kumi hivi kwa mwaka. Hao kumi si abiria wa basi la saa mbili. Mara nyingi ni wale anaolala nao, anaokula nao, anaowapakata.

Hapa Tanzania, mwanzoni mwa mwaka 2021, watu waliogopa hata kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Wakasema “changamoto ya upumuaji.” Chanjo ya korona ilianza kutolewa tarehe 28 Julai mwaka ule, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa wa kwanza kuchanjwa hadharani siku hiyo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Barakoa zikavuliwa. Moshi na vumbi vikabaki, na wenye kikohozi cha miaka sita wakawa sasa na cha miaka tisa.

Basi mwenye kikohozi afanye nini? Ikiwa kimefika wiki mbili, aende akapimwe, hata kama anadhani anajua sababu yake, maana kifua kikuu chaweza kujificha nyuma ya kikohozi cha zamani. Safarini akae karibu na dirisha, afunike mdomo kwa leso au kwa kiwiko, na akipenda amwambie jirani yake mapema: “Nina pumu, usiwe na wasiwasi.” Vikombe na sahani haina haja kuvitenga, kwa kuwa kifua kikuu hakipiti huko. Na aliyekwisha kunywa dawa zinazofaa kwa wiki mbili hivi, kwa kawaida hawezi tena kuwaambukiza wenzake. Lakini dawa aendelee nazo mpaka siku ya mwisho aliyoambiwa.

Siku hizi si darubini peke yake inayotazama makohozi. Zipo mashine zinazotafuta chembe za kijidudu na kutoa jibu kwa saa mbili hivi. Na huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi. Najua mnacheka. Panya mmoja hunusa vikopo mia moja kwa muda wa dakika ishirini, na penye harufu ya kifua kikuu husimama na kukwaruza. Wagonjwa wengi ambao darubini iliwakosa wamepatikana kwa pua ya panya.

Ukifika zahanati utapewa kikopo chenye kifuniko. Usiteme mate, maana mate hayana habari. Toka nje, penye hewa na jua, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili, kisha kohoa kwa nguvu kutoka chini ya kifua, bila kubana midomo. Funga kifuniko. Halafu tazama ubavuni mwa kikopo kama jina lako limeandikwa sawasawa. Sasa unaweza kulisoma mwenyewe.