Misaada ya Wahisani: Miaka Sitini ya Ahadi Zisizotabirika

Mwaka 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha likaonya taifa lisitegemee fedha za wengine. Hata hivyo misaada iliendelea kumiminika, na udhaifu ukabaki uleule: mtoaji peke yake ndiye aliyejua atatoa kiasi gani, lini, na nini kitamfanya asitishe. Hapo ndipo penye tatizo la msingi, kuliko hata uchache wa fedha zenyewe.

Ushahidi ulijitokeza katikati ya miaka ya 1990, wahisani walipozuia fedha wakilalamikia ukusanyaji mbovu wa kodi. Jopo huru lililoongozwa na mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, lilitoa ripoti mwaka 1995 na kuzikosoa pande zote mbili: serikali kwa usimamizi dhaifu, wahisani kwa kujitwalia maamuzi yasiyo yao. Kutokana na mjadala huo Tanzania ilipata mkakati wake wa misaada mwaka 2002. Azimio la Paris la 2005 nalo likawataka wahisani wa dunia nzima watoe fedha kwa ratiba waliyoahidi, na mwaka 2008, mjini Accra, ukazinduliwa mpango wa kimataifa wa kuchapisha takwimu za misaada.

Wapo wanaosema mhisani hawezi kufungwa mikono fedha zikiibwa, na wanataja sakata la 2014 la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta, lililofanya msaada wa bajeti uzuiwe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini fedha zikikatwa katikati ya mwaka wa fedha, anayeumia si mla rushwa, bali mgonjwa anayekosa dawa. Adhabu iandikwe mapema kwenye mkataba, na utekelezaji wake usubiri bajeti inayofuata.

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake karibu yote ghafla, ingawa takwimu zake nyingi zilikuwa wazi kwa umma. Uwazi wa jana haulindi bajeti ya kesho. Bunge lidai kila mhisani aweke mezani ahadi ya miaka mitatu yenye tarehe na masharti, nayo serikali ichapishe kila shilingi iliyopokea na ilikokwenda.