Safu ya Lugha: “Kupiga Windows”

Peleka kompyuta mpakato iliyochoka kwa fundi Singida mjini, Manyoni au Kiomboi, umwambie inachelewa kuwaka na inaganda ukifungua faili mbili. Jibu unalijua: “Hii tuipige Windows,” yaani tuiwekee Windows upya.

Kitenzi hakina kosa. Mbona tunapiga pasi, rangi na simu? Tatizo ni nomino. Windows ni bidhaa moja ya Microsoft. Jina la jumla ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza mashine na kubeba programu nyingine zote.

Kuchanganya mawili haya kuna gharama. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwa uchache, na prosesa nyingi za zamani haizitambui. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint, toleo la Xfce, ni mfumo endeshi mwingine usiolipiwa na huanzia RAM ya GB 2, lakini anayejua “Windows” tu hatauulizia.

Kwa hiyo usiagize chapa. Sema: “Fundi, niwekee mfumo endeshi mwepesi unaolingana na RAM hii.”