Kufomati si Kufuta

Mpiga picha wa harusi akisema kadi ameshaifomati, ana maana kwamba ni tupu na iko tayari kwa kazi. Kwa mazungumzo ya kila siku maana hiyo inatosha, na ndiyo iliyolipa neno hili makazi katika Kiswahili: nifomatie, imefomatiwa, inagoma kufomatika. Hata hivyo, kinachofanyika ndani ya kadi ni kitu tofauti na kufuta. Anayevichanganya hivi viwili huweza kukata tamaa juu ya picha ambazo bado zipo, au akauza kadi yake akiamini ni nyeupe kumbe familia ya mteja bado imo.

Baadhi ya waliotafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili walichagua kuumbiza, na zao lake likawa umbizo. Mzizi ni uleule wa umba na umbo. Naliona chaguo la busara, kwa sababu linataja kazi yenyewe. Kamera haiwezi kuandika picha kwenye kadi mpaka pawe na utaratibu unaoonyesha faili lipi limeanzia wapi na limeishia wapi. Utaratibu huo ndio mfumo wa faili, na kuumbiza ni kuuweka, au kuuweka upya.

Kadi za SD, zilizotangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Matsushita (leo Panasonic), zina kanuni zake. Zenye alama ya SDHC, yaani zinazozidi gigabaiti 2 hadi 32, hutumia mfumo wa FAT32. Zinazozidi 32, zenye alama ya SDXC, hutumia exFAT. FAT32 haikubali faili moja lifike gigabaiti 4 kamili. Ndiyo sababu video ndefu iliyorekodiwa kwenye kadi ya gigabaiti 32 hutoka vipande vipande, mgeni rasmi akikatika katikati ya sentensi. Vipande hivyo huunganishwa wakati wa kuhariri.

Sasa tazama picha moja inapofutwa kwenye kadi ya FAT32. Kila faili lina mstari wake katika orodha: jina, ukubwa, tarehe na mahali linapoanzia. Ukibonyeza kufuta, herufi ya kwanza ya jina hugeuzwa kuwa alama E5, na jedwali la kadi huandikwa kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Picha yenyewe haiguswi. Kufomati kwa kawaida huandika upya jedwali lote na orodha yote, basi. Ni kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo, sura zote zingali ndani. Programu ya bure kama PhotoRec haiitegemei orodha. Huipekua kadi toka mwanzo hadi mwisho ikitafuta baiti FF D8, ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo, kisha huzoa kinachofuata. Picha hurudi bila majina yake, kwa kuwa majina yalikaa kwenye orodha.

Sharti ni kwamba pasiandikwe kitu kingine juu yake. Ukigundua umefomati kabla ya kuhamisha, itoe kadi kwenye kamera papo hapo na usukume kile kifungo kidogo cha pembeni upande wa kufunga.

Na hilo neno kuhamisha nalo lina hatari yake. Wengi hukata picha kwenye kadi na kuzibandika kwenye kompyuta, na waya ukichomoka katikati ya safari, hesabu huvurugika. Nakili kwanza. Fungua folda ya DCIM, unakili kila kilichomo kwenda kwenye folda mpya yenye tarehe na jina la kazi, kisha ufungue picha kadhaa kwa ukubwa wake kamili, maana kijipicha kidogo huweza kuonekana kizima ilhali faili limekatika. Folda mpya kwa kila kazi si urembo. Kamera huhesabu hadi 9999 na kuanza tena 0001, kwa hiyo iko siku DSC_0412 ya leo itakutana na DSC_0412 ya zamani. Kompyuta itauliza kama ibadilishe faili lililopo. Anayekubali bila kusoma amepoteza picha ya zamani kwa namna ambayo ni ngumu sana kuitibu.

Nakala zikishakuwa mbili, fomati kadi ndani ya kamera itakayoitumia. Kompyuta huweza kuipa mfumo ambao kamera haiusomi, wakati kamera hujiwekea umbo linaloifaa. Kwa maoni yangu, fomati libaki kuwa jina la tendo, kwa kuwa liko midomoni mwa watu, na umbizo litumike kwa lile umbo ambalo kadi hupewa.

Anayetaka kadi iwe tupu kweli kabla ya kuiuza, atafute kama kamera yake ina chaguo la fomati ya kina. Ikiwa haina, aelekeze lenzi ukutani, arekodi video mpaka kadi ijae, ndipo afomati.