Nani Ana Namba ya Fundi wa Maji? Hili Swali Lina Zaidi ya Miaka Mia

Kila grupu ya WhatsApp ya ploti ina huu ujumbe, na kawaida huingia usiku: "Wasee, nani ana namba ya fundi wa maji? Haraka tafadhali." Zinatumwa namba tatu. Ya kwanza imezimwa. Ya pili inashikwa na mtu ambaye siku hizi anaendesha boda. Ya tatu anasema "niko njiani", na "niko njiani" ya fundi wa Nairobi mnaijua wenyewe.

Wengi humaliza hiyo stori kwa kusema mafundi ni waongo. Mimi hiyo sinunui. Waongo wapo, sikatai. Lakini jiji la watu zaidi ya milioni 4 haliwezi kukosa fundi wa kuaminika eti kwa sababu watu fulani wana tabia mbaya. Ukifuata historia utaona kitu kingine: mabomba ya hili jiji yaliwekwa kwa mpango, lakini mtu wa kuyatengeneza hakuwekwa kwenye mpango wowote. Aliachwa ajifunze kwa kuchungulia.

Kwanza tuondoe uongo mmoja njiani, ule wa kusema choo na maji ndani ya nyumba ni kitu tulichoonyeshwa na Mzungu. Nenda Gede, pale karibu na Watamu. Ule mji wa Waswahili ulikuwa umenoga karne ya 14 na ya 15, na kwenye magofu bado unaona visima, mitaro ya maji machafu na vyoo ndani ya nyumba. Lamu nayo, nyumba za zamani zina birika la kuhifadhia maji, na watu waliweka samaki wadogo mle ndani wale viluwiluwi vya mbu. Hizo kazi zilifanywa na mafundi, na hilo neno lenyewe lina ukoo mmoja na kufunda na kufundisha. Fundi ni mtu aliyefundwa. Ukitaka kujua kama ni wa ukweli unauliza nani alimfunza. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa tupande reli tuje bara. Reli inafika Nairobi 1899. Jina tunajua linatoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Cha kuchekesha ni kwamba jiji lenye jina la maji halijawahi kujitosheleza kwa maji. Reli ilipenda hapa kwa sababu ni tambarare, pahali pazuri pa kupanga mabehewa kabla ya kupanda milima. Ilikuwa kinamasi. Kufikia 1902 tauni ikaingia na soko la Wahindi likachomwa moto. Maji ya bomba yakavutwa kutoka chemchemi za Kikuyu, baadaye Ruiru, kisha bwawa la Sasumua miaka ya 1950, kisha Ndakaini kule Murang'a ambalo lilikamilika 1994 na lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Yote hayo yanatoka nje ya jiji.

Lakini swali ni yalikuwa yakienda kwa nani. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kutoka Uingereza kushauri serikali kuhusu usafi. Ushauri wake ulikuwa miji igawanywe kwa rangi: Wazungu kivyao, Wahindi kivyao, Waafrika kivyao. Alisema ni mambo ya afya. Kwa hivyo paipu ikafuata rangi. Kwa Mzungu bomba liliingia jikoni na bafuni. Mwafrika alihesabiwa kama mgeni jijini, mtu wa kufanya kazi kisha arudi reserve, na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1920 alitembea na kipande shingoni. Mgeni hajengewi bafu. Landhies za reli na Pumwani watu walipanga foleni kwenye mfereji wa pamoja na choo cha pamoja. Kama umewahi kuishi ploti yenye mfereji mmoja pale katikati na mama mmoja mkali anayelinda foleni, hiyo ramani ilichorwa zamani sana.

Na kama nyumbani kwako hakuna bomba, utajifunzia wapi kulitengeneza? Hapa ndipo pananiuma.

Ile reli ilijengwa na watu karibu 32,000 walioletwa kutoka India kwa mkataba. Wengi walirudi kwao, wengine walifia kazini, na wachache kati yao, elfu kadhaa hivi, wakabaki. Waliobaki na waliokuja baadaye ndio walishika kazi nyingi za ufundi mijini: useremala, uashi, uhunzi, mabomba. Mishahara ilipangwa kwa ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika kwenye hiyo kazi alikuwa msaidizi. Anabeba vyuma, anashika ngazi, anachimba mtaro, anapitisha spana. Lile jina tunalotumia mjengo mpaka leo, "mtu wa mkono", linaeleza hiyo kazi vizuri kuliko kitabu. Serikali ilifungua shule ya ufundi Kabete mwaka 1924, Native Industrial Training Depot, ambayo leo ni Kabete National Polytechnic. Ilitoa mafundi wazuri. Lakini ilikuwa chuo kimoja kwa nchi nzima, na wengi hawakuiona hata kwa mbali. Walijifunza kwa macho. Unatazama mkubwa wako akifunga maungio, siku hayupo unajaribu mwenyewe.

Sitaki kudharau hiyo njia. Imetoa watu wenye mikono ya dhahabu. Shida yake ni kwamba haiachi karatasi wala jina. Lile swali la "nani alikufunza" likakosa jibu ambalo mteja anaweza kulipima.

Uhuru ukaja, na watu nao wakaja. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Katikati hapo kuna mradi mmoja naupenda sana kama mfano, Dandora. Kuanzia 1975 Benki ya Dunia na kanjo walipanga ploti 6,000. Badala ya kukupa nyumba nzima, walikupa kiwanja kilichounganishwa na maji na laini ya maji taka, na choo na bafu vimeshajengwa. Vyumba ungejenga mwenyewe pole pole ukipata doo. Ukiangalia vizuri, serikali ilikuwa imekubali kwamba sehemu ngumu zaidi ya nyumba ni ile yenye maji, ikaichukua yenyewe. Nadhani hilo lilikuwa wazo la akili.

Kisha tazama kilichofuata. Zile ploti zilipangiwa nyumba za chini. Wenye ploti wakaona kodi iko juu, wakapandisha ghorofa. Choo cha familia moja kikawa na ndugu zake juu, orofa baada ya orofa, na laini ile ile ya maji taka ikawabeba wote. Nani aliunganisha hizo paipu za juu? Fundi wa mtaa, kwa maneno ya mdomo, bila mchoro. Ndiyo maana ukiita fundi leo kwa ghorofa ya Eastlands, robo ya kwanza ya kazi yake ni upelelezi. Anagonga ukuta kutafuta paipu imepita wapi, kwa sababu aliyeipitisha alienda na ramani kichwani.

Wakati huo huo kanjo yenyewe ilikuwa inaporomoka. Mwaka 1983 baraza la jiji lilisimamishwa, likawekwa chini ya tume mpaka 1992. Mwaka 1993 serikali kuu nayo ikaanza kupunguza wafanyakazi kwa kustaafu mapema, hasa wale wa ngazi za chini. Kazi ya spana yenye mshahara wa mwezi na mkubwa wa kukagua ikazidi kuwa adimu, spana ikabaki mtaani. Kampuni ya maji ya Nairobi ilisajiliwa mwishoni mwa 2003 chini ya Sheria ya Maji ya 2002, na mpaka wake uko wazi: mambo yao yanaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni shida yako na mwenye nyumba. Watu wengi hawajui hili mpaka siku maji yanashuka ngazi.

Kuna watakaosema serikali ilikumbuka jua kali. Ni kweli kiasi. Ripoti ya ILO ya 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliifanya dunia ianze kuchukua hii sekta kwa uzito, na 1985 Rais Moi alienda Kamukunji akaahidi mafundi vibanda. Lakini angalia ni fundi gani anaonekana kwenye hizo picha: wa mabati, wa masanduku, wa jiko. Mtu mwenye karakana. Fundi wa maji hana kibanda, ana mkoba. Karakana yake ni chini ya sinki yako. Huwezi kumpigia picha na rais, na huwezi kumpata mahali pale pale kesho ukilalamika.

Halafu tukafanya kitu ambacho mimi, kama mtu aliyeacha chuo, nakitazama kwa jicho baya. Kenya Polytechnic ilifanywa chuo kikuu kishiriki 2007, na 2013 ikawa Technical University of Kenya. Ya Mombasa nayo ikafuata njia hiyo. Nchi inayolia kukosa mafundi ilichukua vyuo vyake vikubwa vya ufundi ikavivalisha joho. Sisemi digrii ni mbaya. Nasema kila mzazi alisikia ule ujumbe: spana ni ya waliofeli. Sasa mtoto wa pale anayeingia hii kazi anaingia kama mtu anayesubiri kitu kingine, na yule wa namba ya pili kwenye grupu yenu alipata boda akahama.

Kuna vile vile mambo ya mgao. Tangu Januari 2017, maji yalipopungua Ndakaini, jiji limezoea ratiba ya siku. Laini ikikauka watu hufungua mfereji, hakuna kitu, wanausahau wazi. Presha inarudi saa nane usiku. Paipu za chuma za zamani zimelika kutu kwa ndani, zikipigwa na presha ya ghafla zinaachia. Ndiyo maana ule ujumbe huingia usiku. Na fundi aliyejifunzia chuma cha kufungwa kwa nyuzi anakutana na plastiki ya kuunganishwa kwa moto, na mara nyingi hakuna aliyemfunza, kwa hivyo anajifunzia kwako.

Sasa unampataje wa kuaminika kwenye hii vurugu? Uliza lile swali la zamani: nani alikufunza, na kazi yako ya mwisho iko wapi niione. Fundi mzuri hakasiriki. Karatasi pia ipo. NITA hupima mafundi kwa gredi, ya 3 hadi ya 1, na mtu aliyejifunzia mjengo anaweza kufanya huo mtihani bila kupitia chuo. Mwenye cheti huwa anatembea na picha yake kwa simu. Asiye nacho si lazima awe mbovu, lakini basi mpe kazi ndogo kwanza, mfereji unaovuja, kabla hujampa bafu zima. Vifaa nendeni pamoja dukani mchukue risiti, pesa ya kazi ilipwe kando, na isitoke yote kabla maji hayajafunguliwa na maungio yakaangaliwa kama ni makavu. Jirani yangu wa juu alitoa ngiri nne za vifaa kwa mtu aliyeletwa na shemeji wa mtu. Hiyo namba bado iko mteja.

Lakini na sisi wateja tuna maneno. Unampigia mtu saa tano usiku, anasema elfu moja mia tano, unamshusha hadi mia tano, anakuja na mvua, kisha unahifadhi jina lake kama "Fundi Maji 2". Halafu mwezi ujao unashangaa ameenda kwa anayelipa vizuri. Mlipe ile bei, andika jina lake kamili, na umtafute wakati hakuna kinachovuja.

Kitu cha kwanza atakachokuuliza kwa simu, kama anajua kazi, ni valvu kuu iko wapi, ili uifunge akiwa bado njiani. Kwetu iko nyuma ya geti, chini ya kipande cha simiti kilichovunjika. Nimeuliza ghorofa yote, na wapangaji wanaoijua tuko watatu.